Dawa ya Mapigo Haiachwi Ghafla

Miongoni mwa dawa za presha na moyo zinazopita mikononi mwangu pale dirishani, lipo kundi moja ambalo mgonjwa haondoki nalo kabla hatujazungumza, hata foleni ikiwa imefika mlangoni. Ni kundi la beta bloka. Ukitaka kujua kama na wewe unazimeza, geuza boksi usome jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara: atenolol, bisoprolol, metoprolol, propranolol, nebivolol, carvedilol, labetalol. Yote yanaishia na "lol". Wagonjwa wangu wengi hapa Tanga huziita dawa za mapigo. Wengine huzichanganya na nyingine zote wakasema tu vidonge vya presha, na kwa kuwa vidonge vya presha watu huazimana, huruka siku na hukatisha wakijisikia vizuri, hizi nazo hufanyiwa vivyo hivyo.

Mimi ni mfamasia, na mama yangu mzazi ana ugonjwa wa moyo. Anameza carvedilol asubuhi na jioni. Kwa hiyo ninayoyaandika nayaona kazini mchana na nayaona nyumbani usiku. Nimeona mtu aliyekuwa hawezi kutoka chumbani hadi uani bila kukaa chini kuvuta pumzi, baada ya miezi kadhaa ya dawa hizi akarudi kulima. Nimeona pia mtu akiletwa hospitali kwa bajaji alfajiri, kifua kimembana, kwa sababu vidonge viliisha wiki iliyopita naye akasubiri mwisho wa mwezi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dawa hii haikatwi hivyo. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Tuanze na kazi yake mwilini. Mtu akishtuka, akikasirika au akipanda mlima, mwili humwaga adrenalini na noradrenalini. Homoni hizo hufika kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za moyo, na moyo ukaanza kwenda mbio na kupiga kwa nguvu zaidi. Mmarekani Raymond Ahlquist aliandika mwaka 1948 kwamba vipokezi hivyo ni vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Miaka ya 1950, wakati matabibu wakihangaika kutafuta namna ya kuuongezea damu moyo unaouma, Mskoti James Black aliwaza kinyume chake: kama moyo haupati oksijeni ya kutosha, kwa nini usipunguziwe kazi ili ile kidogo inayofika iutoshe? Akiwa katika kampuni ya ICI huko Uingereza alitafuta kemikali itakayokaa kwenye kipokezi cha beta kabla adrenalini haijafika. Kazi hiyo ndiyo iliyoleta propranolol katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1988 Black akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa moyo uliodhoofika mambo yalichelewa sana. Vitabu vilikataza kabisa kumpa mgonjwa wa namna hiyo beta bloka, na katazo lenyewe lilikuwa na mantiki: moyo umeshachoka, utaupunguziaje nguvu? Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, walitoa taarifa ya wagonjwa 7 wenye moyo uliotanuka waliopata nafuu kwa dawa hizi. Ikapita zaidi ya miaka 20 kabla ushahidi mkubwa haujapatikana. Utafiti wa CIBIS-II, uliochapishwa mwaka 1999, uliwafuatilia wagonjwa 2,647. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 17.3 walifariki, kati ya waliopewa bisoprolol, asilimia 11.8. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilikuwa wazi. Kilichobainika ni kwamba moyo mgonjwa, mwili unapouchapa kwa adrenalini mchana na usiku, huzidi kuharibika. Ukipumzishwa polepole, hujijenga.

Neno "polepole" ndilo la kushika hapo. Mama alianza na carvedilol ya miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, kidonge kidogo hata nikaogopa asije akakiangusha asikione. Daktari alikuwa akiongeza kila baada ya wiki mbili au zaidi, akipima presha na mapigo kwanza. Wiki za mwanzo mama alijisikia vibaya kuliko kabla ya kuanza dawa: mwili mzito, kizunguzungu akisimama. Hilo hutokea, na wengi huachia hapo hapo wakisema dawa imewakataa. Tulichofanya ni kumpima uzito kila asubuhi akitoka chooni, kabla ya chai. Mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, hayo ni maji yanajaa mwilini, na kliniki iambiwe siku hiyo. Carvedilol pia humezwa pamoja na chakula, kwa sababu ikiingia tumboni tupu huingia kwenye damu kwa kasi na presha ikashuka ghafla mtu anaposimama.

Sasa, jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui, na nadhani sisi wahudumu tuna wajibu wa kulisema kwa sauti: umepewa kwa ajili ya nini? Beta bloka hiyo hiyo mmoja anapewa kwa sababu ya presha, mwingine moyo umetanuka, mwingine mapigo hayaendi kwa mpangilio, mwingine alipata mshtuko wa moyo, mwingine ana tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi, mwingine anaumwa kipandauso. Nilipokuwa nikifanya kazi Mwanza nilikutana na wavuvi na wakulima wa kandokando ya ziwa ambao presha yao ilikuwa sawa kabisa, nao wameandikiwa propranolol. Kichocho cha tumbo kilikuwa kimeharibu ini, mishipa ya koo la chakula imevimba, na dawa ilikuwa pale kuzuia mishipa hiyo isipasuke wakatapika damu. Mmoja wao aliambiwa na jirani, "Hiyo ni ya presha, wewe huna presha, unakunywa ya nini?" Akawa anakaribia kuacha. Ndiyo maana sisiti kumwomba daktari aandike sababu kwenye cheti, na ninaiandika mwenyewe juu ya bahasha ya dawa: "kwa ajili ya moyo", "kwa ajili ya mishipa ya koo".

Kwa presha peke yake, isiyo na ugonjwa wa moyo, beta bloka kwa kawaida si chaguo la kwanza siku hizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaanza na makundi mengine: dawa za kuongeza mkojo za kundi la thayazaidi, dawa kama amlodipine, na dawa kama enalapril au losartan. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika kwa Waafrika weusi katika nchi 6 zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa mchanganyiko wenye amlodipine ndani yake hushusha presha vizuri zaidi kuliko usio nayo. Kwa hiyo kama una presha tupu na umekuwa ukimeza atenolol kwa miaka mingi, ni halali kabisa kumuuliza daktari kama bado inakufaa. Kuuliza, lakini, siyo kuiacha kwanza halafu ukauliza.

Nieleze kwa nini nalirudia hilo. Mwili haukai kimya unapozuiwa. Moyo ukiona adrenalini haifiki, huongeza vipokezi juu ya seli zake, ukijaribu kuikamata ile kidogo inayopita. Ni kama watu wanaosukuma mlango uliokomewa: wanazidi kuongezeka na kusukuma, na siku komeo likiondolewa ghafla wanaingia wote kwa mkupuo. Mtu akikatisha dawa, adrenalini ya kawaida kabisa inakuta vipokezi vingi kuliko zamani. Mapigo yanapaa, presha inapanda kupita ilivyokuwa kabla hajaanza dawa, na kama mishipa ya moyo ilikuwa imeziba kiasi, kifua kinabana, au mshtuko wa moyo unampata. Madaktari waliliona hili miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa maumivu ya kifua waliositishiwa propranolol. Huko Marekani karatasi za baadhi ya dawa hizi zina onyo rasmi ndani ya kisanduku cheusi likikataza kuacha ghafla. Hatari hii huja ndani ya siku chache, na inaweza kudumu kwa wiki moja au mbili.

Kwetu sisi mtu haachi dawa kwa ukaidi. Anaacha kwa sababu fedha ya mwezi imeingia kwenye ada ya shule. Anaacha kwa sababu amesafiri kwenda msibani Handeni akidhani atakaa siku mbili, na arobaini ikamkuta huko. Anaacha kwa sababu kapimwa presha akaambiwa 120 kwa 80, akaona amepona. Au dawa imekosekana kituoni na hakuna aliyemwelekeza afanye nini. Kila moja ya sababu hizi ina dawa yake. Usisubiri kidonge cha mwisho. Ukibakiwa na vya wiki moja, anza kuvitafuta vingine. Ukisafiri, chukua vya kuzidi siku ulizopanga, viweke kwenye mkoba unaokaa nao, usiviweke kwenye buti la basi. Kama fedha ndiyo tatizo, niambie waziwazi hapo dirishani, maana mara nyingi kuna ya bei nafuu yenye kazi ile ile, na kama haipo, tunampigia daktari kabla hujakaa bila kitu. Na presha ikisoma vizuri wakati unameza dawa, ni dawa inafanya kazi yake.

Ukisahau dozi moja, imeze ukikumbuka, isipokuwa kama muda wa inayofuata umekaribia. Hapo iache hiyo uliyosahau uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Jambo la pili ninalolifanya kwa kila mtu ni kumfundisha kuhesabu mapigo. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, mvuvi mstaafu, na bisoprolol yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe dawa zangu niwahi gari."

"Gari lipo baba. Naomba mkono wako kwanza."

Nikamgeuza kiganja kikaangalia juu, nikachukua vidole vyake mwenyewe vya kati, viwili, nikaviweka upande wa kidole gumba, chini kidogo ya mkunjo wa kifundo. Kidole gumba hakitumiki, kwa kuwa kina mapigo yake na kitakudanganya. Alibonyeza kwa nguvu mno, akasema hasikii kitu. Nikamwambia alegeze. Akatulia, kisha nikaona uso wake ukibadilika. "Huyo hapo!" Tukahesabu pamoja kwa saa ya ukutani, sekunde 30, yakawa 29. Mara mbili, 58. Nikamwambia hiyo ni nzuri kwa mtu anayemeza dawa yake. Ikiwa mapigo yanaruka au hayalingani, mtu ahesabu dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, aipigie kliniki siku hiyo hiyo kabla ya kuendelea; yakiwa chini ya 50 na pia anaona giza, anaishiwa pumzi au ameanguka, aende hospitali mara moja na boksi la dawa mkononi. Mzee akaandika 58 nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa kalamu yangu, akaondoka nayo.

Kuna maswali ambayo huwa nauliza kila mara, hata kama mtu ameshaulizwa na daktari. La kwanza ni pumu. Vipokezi vya beta vipo pia kwenye njia za hewa, na huko kazi yao ni kuzitanua. Propranolol na carvedilol huvizuia vyote, na mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya. Tena ile dawa yake ya kuvuta, salbutamol, ikashindwa kumfungua kwa sababu inategemea vipokezi vile vile. Bisoprolol, metoprolol na atenolol hulenga zaidi moyo, lakini hata hizo kwa mwenye pumu ni uamuzi wa daktari anayemjua, na dozi ndogo kwanza. Kinachonitisha ni kwamba watu wazima wengi hawasemi "nina pumu". Wanasema "kifua kinanibana kipindi cha baridi", au "utotoni nilikuwa na kifua". Sema hivyo hivyo, tutaelewana.

Na hapa naomba wazee wanaotibiwa presha ya macho wanisikilize. Matone ya timolol ni beta bloka. Tone likiingia jichoni hupita kwenye kijitundu cha kona ya ndani, likashuka puani na kuingia kwenye damu bila kupita kwenye ini kwanza. Kwa mtu anayemeza bisoprolol, matone hayo yanaongeza dozi bila mtu yeyote kujua, na kwa mwenye pumu yanaweza kumletea shida ile ile ya kidonge. Ukiulizwa unatumia dawa gani, yataje na matone. Na ukishadondosha, fumba jicho, bonyeza ile kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, dawa ibaki jichoni inakotakiwa.

Kisukari nacho kina habari yake. Sukari ikishuka, mwili hutoa ishara: mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho. Beta bloka huzima mbili za kwanza. Jasho halizimwi. Kwa hiyo mgonjwa anayechoma insulini au anayemeza glibenclamide, akilowa jasho jingi bila sababu, akili ikamchanganyika au njaa kali ikamshika, apime sukari au anywe chai ya sukari hapo hapo, asisubiri moyo umwambie. Hili waelezwe na wanaoishi naye nyumbani, maana sukari ikishashuka sana mwenyewe hawezi kuamua lolote.

Mama mjamzito, au anayepanga kushika mimba, aseme mapema. Atenolol inahusishwa na mtoto kutokua vizuri tumboni. Labetalol ndiyo ya kundi hili inayotumika zaidi kwa presha ya ujauzito.

Halafu kuna malaria, ambayo kwenye miongozo ya Ulaya na Marekani haizungumzwi sana kwa sababu si ugonjwa wao wa kila siku. Lumefantrine, iliyo ndani ya dawa mseto tunayoimeza wote, huzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Metoprolol huvunjwavunjwa na kimeng'enya hicho hicho. Karatasi ya Riamet, dawa mseto hiyo hiyo kama inavyouzwa Ulaya, inaitaja metoprolol kwa jina miongoni mwa dawa zisizopaswa kuchanganywa nayo, kwa kuwa inaweza kujazana kwenye damu na kuyashusha mapigo mno. Malaria haisubiri, na sisemi mtu aache kutibiwa. Ninasema ukiwa na metoprolol na kipimo cha malaria kimetoka chanya, mwambie anayekutibu kabla hujafungua pakiti. Anaweza kukubadilishia, au kukufuatilia kwa karibu. Bisoprolol na atenolol hazitegemei kimeng'enya hicho.

Dawa za maumivu zinaharibu kimyakimya. Diclofenac na ibuprofen, ambazo kwetu zinanunuliwa kama karanga, hubana chumvi na maji mwilini na kupandisha presha. Kwa mwenye moyo dhaifu zinaweza kumjaza maji hadi alazwe. Paracetamol ndiyo ya kwanza kuifikiria. Verapamil na diltiazem, ambazo nazo ni dawa za moyo, zikikutana na beta bloka zinaweza kuusimamisha moyo uliokuwa unaenda taratibu, kwa hiyo ukienda kwa daktari mpya beba maboksi yote ya zamani. Na mirungi: inachochea moyo na kupandisha presha, kinyume kabisa cha kile dawa inachokitafuta.

Kuna mazungumzo ambayo wanaume huyaanza kwa kunyamaza. Anasimama dirishani, anasubiri wengine waondoke, kisha anauliza kama kuna "nyingine". Amesikia kijiweni kwamba dawa hii inamaliza nguvu za kiume. Nimelifikiria sana namna ya kumjibu, kwa sababu upo utafiti wa Italia wa mwaka 2003 uliowapa wanaume 96 atenolol. Wasioambiwa hata jina la dawa, asilimia 3.1 walilalamikia nguvu za kiume. Walioambiwa jina tu, asilimia 15.6. Walioambiwa jina na kwamba inaweza kuleta tatizo hilo, asilimia 31.2. Hofu yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Je, ninyamaze basi? Hapana, mgonjwa ana haki ya kujua anachomeza, na kijiweni watamwambia tu. Ninachomwambia ni kwamba wengi hawapatwi na lolote, kwamba presha na kisukari visivyotibiwa vinaharibu mishipa ya sehemu hizo kwa uhakika kuliko dawa, na kwamba ikimtokea aje aniambie, kwa sababu kuna nafasi ya kubadili. Nebivolol, kwa mfano, haina lawama hiyo sana. Ninamwomba pia asinunue vidonge vya nguvu vya barabarani. Vikikutana na dawa za nitreti anazoweka chini ya ulimi kifua kikiuma, presha inaweza kuporomoka akafa.

Uchovu, mikono na miguu kuwa baridi, ndoto za kutisha usiku hasa kwa propranolol, vyote vipo. Vingi hupungua baada ya wiki chache. Visipopungua, dozi au aina inaweza kubadilishwa.

Ramadhani ikikaribia huwa napata wageni wengi. Dawa ya mara moja kwa siku ni rahisi, huhamia futari au daku. Ya mara mbili, kama carvedilol ya mama, hugawanywa huku na huku, zote pamoja na chakula. Lakini mwenye moyo dhaifu asiamue peke yake, kwani kiu ya mchana pamoja na dawa za kuongeza mkojo zinaweza kumwangusha. Akamwone daktari mwezi mmoja kabla. Msimu huo pia ndugu walioko Muscat hutuma dawa nyumbani, na hilo ni jambo la upendo ambalo sitalilaumu. Ila nimeshafunguliwa mfuko wenye Concor, jina la biashara la bisoprolol, ya miligramu 5 ya mtu aliyeandikiwa 2.5, rangi ya boksi inakaribiana, na yeye ameshameza siku kadhaa. Linganisha namba ya miligramu, siyo jina peke yake. Metoprolol nayo ipo ya kawaida na ipo ya kutoka taratibu mchana kutwa. Hiyo ya pili haisagwi wala haitafunwi.

Ukitakiwa kufanyiwa upasuaji wa nusu kaputi, au hata kung'olewa jino kwa ganzi, mwambie daktari unameza beta bloka, na usiisitishe mwenyewe asubuhi ya operesheni ukidhani ni sawa na chakula. Watoto nao wasifikie boksi. Dozi kubwa ya propranolol inaua, na hakuna kusubiri kuona itakuwaje. Ni hospitali papo hapo.

Mwezi uliopita dereva mmoja mstaafu wa malori, ambaye miaka michache nyuma alipata mshtuko wa moyo, aliniletea swali zuri. Mwanawe alikuwa amemtumia habari kwamba beta bloka hazina kazi tena kwa waliowahi kupata mshtuko. Habari hiyo ina msingi wake. Utafiti wa REDUCE-AMI wa mwaka 2024, wenye wagonjwa 5,020, haukuona faida kwa watu ambao baada ya mshtuko moyo wao ulibaki ukisukuma damu vizuri. Lakini mwaka huo huo utafiti wa ABYSS wa Ufaransa, wenye wagonjwa 3,698 waliokuwa tayari wanatumia dawa hizi kwa muda, ulikuta waliositishwa walilazwa zaidi kwa matatizo ya moyo. "Sasa mwanangu, niache au nisiache?" Nikamwambia swali hilo linahitaji kipimo chake cha ekko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na mtu wa kukisoma. Akaenda kliniki nacho. Amerudi na cheti: atenolol ishuke kutoka miligramu 50 hadi 25 kwa wiki mbili, kisha apimwe presha na mapigo ndipo waamue hatua inayofuata. Nilimkatia vidonge katikati, nikaandika tarehe ya kliniki juu ya bahasha, tukakubaliana kwamba kifua kikibana hata mara moja katika wiki hizo, asiingoje tarehe, aje hospitali siku hiyo hiyo.